Kilo, maji na dizeli: shajara ya mradi wa karavani, Perth hadi Port Augusta

Aprili, uani kwetu, Perth

Karavani imefika. Ni ya mwaka 1998, futi 17, ekseli mbili, na paa lake linainuliwa kwa mkono ukishaegesha. Aliyeniuzia ni mzee mstaafu ambaye macho yamemkataza kuendesha safari ndefu. Bati la ubavuni lina mikwaruzo, pazia zimekula jua, lakini fremu ya chini haina kutu. Nililala chini yake na tochi mpaka mzee akacheka, ndipo nikataja bei.

Lengo la mradi ni hili: kuvuka nyanda za Nullarbor, kusini mwa Australia, kwa barabara ya Eyre Highway, familia nzima, karavani ikiwa nyuma ya Prado yetu ya dizeli, kisha kuiacha Adelaide kwa jamaa hadi mwakani. Mwakani, Mungu akipenda, tutaifuata na kugeuza kaskazini. Perth hadi Adelaide ni kama kilomita 2,700. Waswahili wengi tunaoishi huku tunaijua njia hiyo kwa dirisha la ndege tu, na ndiyo sababu naandika.

Wasafiri ni wanne: mimi, mama watoto, binti yetu ambaye ndiye karani wa safari, na shemeji, mdogo wake mama watoto. Shemeji anaendesha malori ya mgodini na haogopi chombo chochote chenye magurudumu. Nimempa kazi ya kuniogopea mimi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusoma kibao cha alumini kilichopigwa riveti karibu na mlango. Kinasema karavani tupu ni kilo 1,540, na ikipakiwa isizidi kilo 1,950. Tofauti ni kilo 410. Ndani ya hizo kilo 410 lazima viingie maji, gesi, betri, vyombo, chakula, magodoro na kila kitu ambacho mtu yeyote atakiita "kidogo tu". Nimeiandika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito juu ya friji.

Sheria ya Australia iko wazi kuhusu breki. Trela ikizidi kilo 750 lazima iwe na breki zake yenyewe. Ikizidi kilo 2,000, breki ziwe kwenye magurudumu yote pamoja na kifaa cha kuzikamata zenyewe endapo trela itachomoka. Yetu iko chini ya 2,000 kwa kilo 50 tu, lakini aliyeitengeneza aliweka breki za umeme magurudumu yote manne. Nimefungua kila gurudumu, nimebadilisha beringi na kupaka grisi mpya. Ngoma za breki zilikuwa nzima.

Mei, mizani

Hapa ndipo mradi ulipoanza kweli. Tulipakia kila tulichodhani tunakihitaji, tukajaza maji, tukaivuta hadi kwenye mizani ya kulipia inayotumiwa na malori. Karatasi ikatoka: kilo 2,040.

Shemeji akaisoma mara mbili. "Shemeji, hapa kuna mtu mzima amejificha humo ndani."

"Hajajificha. Anaitwa dada yako na masufuria yake."

Mama watoto hakucheka. Alisema, na alikuwa na haki, kwamba hema la ubavuni lilikuwa wazo langu, na hema lile na vyuma vyake lina kilo 38. Likatoka. Ikatoka meza ya mbao, jenereta ya petroli, kinu na mchi, na sufuria mbili za shughuli ambazo zingetosha maulidi. Mbuzi ya kukunia nazi ilibaki baada ya kupimwa kwenye mizani ya jikoni; ni nyepesi kuliko nilivyotaka iwe. Madumu mawili ya dizeli ya akiba yalitoka pia, na sababu yake nitaieleza chini. Tuliporudi mizani, tulipata kilo 1,905 maji yakiwa yamejaa.

Lakini uzito wote ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kiasi gani cha uzito huo kinakaa juu ya kichwa cha kuvutia, yaani pale karavani inapoungana na gari. Kanuni inayotumika sana Australia ni kama asilimia 10 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Kikiwa kizito mno, gari linakaa nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Kikiwa chepesi mno, karavani inaanza kupiga mkia, na ikishaanza kwenye kasi ya 90 inaweza kulipindua gari linaloivuta. Tumenunua kipimo kidogo cha kuweka chini ya kichwa hicho. Kilisoma kilo 182. Kwa kilo 1,905, hiyo ni asilimia tisa na nusu. Nimeridhika.

Juni, maji na umeme

Umeme haukuwa na hadithi: betri moja ya lithiamu ya saa-ampea 100, paneli za sola za wati 200 juu ya paa, na waya nene kutoka kwenye alteneta ya gari ili betri ichajiwe tukiwa mwendoni. Friji ni ya volti 12. Inatosha.

Maji yana hadithi. Vituo vya njiani pale Nullarbor, ambavyo ni pampu ya mafuta, mgahawa, vyumba vichache na uwanja wa kuegesha karavani, havina mto wala bomba. Vinatumia maji ya mvua waliyokusanya, au ya kisima yenye chumvi wanayoyasafisha kwa mashine, na mgeni hajaziwi tangi. Unajaza Norseman upande wa magharibi, na usitegemee kujaza tena hadi ukaribie Ceduna, upande wa mashariki. Katikati hapo ni kilomita kama 1,200.

Karavani ina matangi mawili ya lita 70, moja mbele ya ekseli na moja nyuma. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo maji peke yake yanakula kilo 140 kati ya zile 410, na ni mzigo pekee unaopungua tukiwa njiani. Ukipungua, mizani ya kichwani inabadilika. Ukitumia tangi la mbele kwanza, kichwa kinakuwa chepesi huku mkia ukibaki mzito, na huo ndio mpangilio usioutaka kwenye barabara yenye upepo. Nilijaribu uani kwa kipimo: tangi la mbele likiwa tupu na la nyuma limejaa, kichwa kilishuka hadi kilo 157. Tangi la nyuma likiwa tupu na la mbele limejaa, kilipanda hadi 204. Amri ikatoka siku hiyo, na binti akaiandika kwenye bomba la jikoni: NYUMA KWANZA. Nimefunga koki mbili kila tangi lijitegemee.

Sasa dizeli. Prado za Australia za aina yetu zina matangi mawili, jumla lita 150. Ikivuta karavani, yetu inakula kama lita 17 kwa kilomita 100, ambayo inatupa zaidi ya kilomita 800 kwa kujaza mara moja. Pengo refu kati ya pampu na pampu kwenye Eyre Highway halifiki kilomita 200. Basi dumu la akiba kazi yake nini? Ni kilo 20 na ushee za hofu. Nafasi yake yamepewa maji ya kunywa, madumu mawili ya lita 10, ndani ya gari na si kwenye karavani.

Julai, majaribio

Tulipanda kilima cha Greenmount mara kadhaa, mteremko mkali unaokusubiri ukitoka Perth kuelekea mashariki. Joto la injini lilipanda kidogo likatulia. Breki za karavani nimezirekebisha kwa kidhibiti kilicho karibu na usukani: zinatakiwa zianze kushika nukta moja kabla ya zile za gari. Shemeji ameshika usukani na kutamka kwamba "inatii". Tumefunga redio koli. Hapa Australia malori yapo chaneli 40 na wenye karavani wengi hukaa chaneli 18.

Agosti, Perth hadi Norseman

Tumeondoka kabla ya jua. Baridi ya Agosti huku si ya mchezo. Mama watoto alikuwa amejifunga khanga juu ya koti na hakutaka maoni ya mtu.

Kuanzia Mundaring, bomba kubwa la maji linatembea pembeni ya barabara. Linatoka kwenye bwawa la vilima vya Perth na kufika Kalgoorlie, zaidi ya kilomita 500 bara, likisukumwa na vituo vya pampu. Dhahabu ilipatikana Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka 1893, watu wakamiminika mahali ambapo maji yaliuzwa kwa bei ya pombe na homa ya matumbo iliwamaliza wengi. Mhandisi C. Y. O'Connor akabuni bomba. Magazeti na wanasiasa walimsakama mpaka akajiua Machi 1902. Maji yalifika Kalgoorlie Januari 1903. Bado yanafika. Tulisimama karibu na Merredin kunywa chai na nikaweka mkono juu ya bomba. Binti akauliza kama tunaweza kulitoboa tujaze tangi.

Norseman ni mji mdogo uliopewa jina la farasi ambaye, kwa masimulizi ya pale, alifukua jiwe la dhahabu kwa kwato mwaka 1894. Kwenye mzunguko wa barabara wamesimamisha ngamia wa mabati, kukumbuka misafara iliyobeba mizigo ya ndani kabisa ya nchi hii kabla ya malori. Walioiongoza waliitwa "Waafghani" hata kama wengi walitoka Baluchistan, Punjab na Sindh. Mtu wa pwani yetu akiona picha zao za zamani, kilemba, kanzu na kamba ya ngamia, anajikuta anatafuta uso wa jirani. Sheria za uhamiaji za mwaka 1901 ziliwafungia wengi wao mlango wa kuleta wake na ndugu. Magari yalipoingia miaka ya 1920, ngamia wakaachiwa porini, na vizazi vyao ndio wanaochorwa leo kwenye vibao vya njano vya tahadhari.

Tumejaza matangi yote mawili mpaka yakamwaga. Kipimo cha kichwa: kilo 183. Dizeli imejaa. Wastani hadi hapa ni lita 16.8 kwa kilomita 100, kwa mwendo wa 90 ambao nimeukataza kuvukwa hata pale kibao kinaporuhusu zaidi. Shemeji anauita mwendo wa harusi.

Norseman hadi Caiguna

Balladonia ni karibu kilomita 190 kutoka Norseman. Julai 1979 chombo cha anga cha Marekani, Skylab, kiliporomoka na vipande vyake vikatawanyika kuanzia Esperance hadi huku. Kituoni pameonyeshwa kipande. Halmashauri ya Esperance iliitoza NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka ovyo. Faini ilikuja kulipwa mwaka 2009 na mtangazaji mmoja wa redio wa Marekani, si NASA. Mama watoto amesema halmashauri yetu ya Tanga ingekusanya zaidi.

Baada ya Balladonia barabara inanyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja. Watu hudhani sehemu hii ni ya kusinzia. Kwetu ndiyo iliyotaka macho kuliko zote, kwa sababu ya upepo na malori. Malori ya huku huvuta trela mbili na kuendelea, urefu wa zaidi ya mita 30, na hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu aliye likizo. Likija mbele yako, ukuta wa hewa unaisukuma karavani nje kwanza, kisha lori likipita linaivuta ndani. Ukijua inakuja, unashika usukani kwa mikono miwili na kuacha ifanye mambo yake. Lori moja lilitupita kutoka nyuma wakati upepo wa pembeni unavuma, na karavani ikatikisa mkia mara mbili.

"Usiguse breki, shemeji," alisema shemeji kwa sauti ya chini kabisa.

Sikugusa. Dawa yake ni kuachia mafuta taratibu na kubonyeza kwa kidole breki za karavani peke yake kwenye kidhibiti; karavani inabaki nyuma, inanyoosha mnyororo, inatulia. Ukikanyaga breki za gari, gari linapunguza mwendo huku karavani bado inasukuma, na hapo ndipo watu hukunjana. Tuliegesha sehemu ya kupumzikia nikapima: kilo 191. Tulikuwa tumetumia maji ya nyuma tu, kama ilivyoamriwa. Nimejiuliza kimyakimya ingekuwaje na kilo 157.

Kwenye sehemu fulani lami inapanuka ghafla na kuna mistari minene meupe imechorwa barabarani. Ni uwanja wa ndege. Madaktari wa Royal Flying Doctor Service, huduma iliyoanza mwaka 1928 kule Queensland, hutua hapo hapo barabarani palipo na ajali au mgonjwa. Binti alitaka kujua ndege ikitua sisi tunasimama wapi. Shemeji akamjibu kwamba tutaiachia njia.

Kabla tu ya Caiguna kuna shimo dogo kwenye mwamba linalopumua. Ardhi yote hii ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa mapango chini kwa chini, na kanieneo ya hewa ikibadilika juu, mapango yanavuta au kutoa pumzi. Tulipofika lilikuwa linatoa, na hewa yake ilikuwa ya ubaridi. Mama watoto aliweka uso akasema panafaa kuwekwa friji.

Caiguna hadi Eucla

Kituo hiki nakiandikia zaidi ya vingine.

Barabara imepewa jina la Edward John Eyre, Mwingereza aliyevuka pwani hii mwaka 1841. Alikuwa na msimamizi wake John Baxter na vijana watatu wenyeji. Karibu na Caiguna ya leo, usiku wa 29 Aprili, wawili kati ya vijana hao walimuua Baxter, wakachukua bunduki na chakula, wakatoweka. Kijana wa tatu, Wylie, mtu wa upande wa Albany, alibaki na Eyre. Walitembea wakila kangaruu, wakikusanya umande, mpaka wakakutana na meli ya Kifaransa ya kuvua nyangumi karibu na Esperance, iliyowalisha na kuwapa akiba. Julai wakafika Albany.

Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa njiani. Mimi najua na sehemu ya pili. Mwaka 1865 Eyre huyo huyo alikuwa gavana wa Jamaica, watu weusi wa Morant Bay walipoinuka kudai haki, na majeshi yake yaliua mamia, wakachapa viboko wengine mamia na kuchoma nyumba zao. Alirudishwa Uingereza, Waingereza wenyewe wakagawanyika kama ashitakiwe au apongezwe, na mwisho hakuhukumiwa. Kilomita 1,660 za lami zina jina lake. Mimi ningempa Wylie walau kipande cha Caiguna hadi Norseman.

Saa nayo inapinda huku. Kuanzia Caiguna kibao kinakuambia usogeze saa yako mbele dakika 45, na ukivuka mpaka unasogeza nyingine 45. Saa hiyo ya katikati haipo kwenye sheria, ni mapatano ya vituo vichache tu. Shemeji, ambaye mpaka leo anahesabu saa moja asubuhi kama mtu aliyelelewa sawasawa, alikuwa na saa ya Perth, saa ya hapa, saa ya nyumbani ya kumpigia mama, na saa ya Kiswahili juu yake. Alivua saa ya mkononi akaitia mfukoni.

Cocklebiddy tulipita. Madura barabara inashuka kutoka uwanda wa juu hadi uwanda wa chini wa pwani, mteremko mfupi, gia ya pili, breki zikapumzika. Mundrabilla tulilala. Hatuendeshi jua likikaribia kuzama wala kabla halijatoka vizuri, kwa sababu ndio wakati wa kangaruu, na mizoga pembeni ya njia inatosha kumshawishi mbishi. Usiku nyota zilikuwa nyingi hadi binti akaacha simu yake.

Eucla kuna gofu la kituo cha simu ya waya kilichofunguliwa mwaka 1877. Kilikuwa cha makoloni mawili kwa pamoja. Makarani wa Australia Magharibi walikaa upande mmoja wa meza, wa Australia Kusini upande wa pili, kila kundi na alfabeti yake ya Morse, na ujumbe uliotoka Perth uliandikwa kwenye karatasi, ukapitishwa mezani, ukapigwa upya kwenda Adelaide. Sungura walioletwa na wazungu walifika huku miaka ya 1890, wakala majani yaliyoshika mchanga, na mchanga ukatembea. Leo kuta za mawe zinaibuka katikati ya vilima vyeupe. Nchi hii ni ya Wamirning, waliojua kisima kipi kina maji matamu kabla ya waya na kabla ya barabara.

Maji: tangi la nyuma limeisha hapa Eucla. La mbele limejaa. Kichwa kilo 203, na ncha ya nyuma ya Prado imekaa chini kidogo. Nimehamisha sanduku la vifaa kutoka mbele ya karavani hadi juu ya ekseli, ikawa 194. Dizeli ya huku bei yake inauma, kwa hiyo tumeweka ya kutufikisha Penong na ziada, si zaidi.

Mpaka hadi Head of Bight

Border Village ina kangaruu mkubwa wa sanamu. Tumepiga picha, tumeondoka.

Kilomita 180 na zaidi zinazofuata ndizo nilizozipenda. Barabara inakwenda sambamba na bahari, na kuna njia fupi za vumbi zinazokupeleka ukingoni. Bara linaisha kwa kukatwa. Majabali yanasimama zaidi ya mita 60, chini meupe, juu ya rangi ya udongo, na bahari ya kusini inayapiga. Ukisimama hapo hakuna ardhi nyingine mbele yako mpaka Antaktika. Kingo zimeliwa chini kwa chini. Karavani niliiacha mbali sana na watu wangu niliwashika mikono, pamoja na shemeji.

Head of Bight iko kwenye ardhi ya wenyeji wa Yalata, unalipa kiingilio kwao na kutembea juu ya njia ya mbao. Nyangumi wanakuja hapa majira ya baridi kuzaa na kunyonyesha. Tuliwaona mama na mtoto chini kabisa ya mbao, karibu kiasi cha kusikia pumzi yao. Mama watoto, ambaye safari nzima alikuwa akihesabu vituo vilivyobaki, alisema tusiondoke kwanza. Hatukuondoka kwanza.

Wenyeji hao hawakuchagua kuishi pwani. Waliondolewa Ooldea, kaskazini kwenye reli, mwaka 1952 na kuletwa Yalata. Mwaka 1956 Uingereza ikaanza kulipua mabomu ya nyuklia Maralinga, juu ya nchi yao, na majaribio ya aina mbalimbali yaliendelea hadi 1963. Kwenye ramani ya barabara yetu eneo lote lile ni rangi ya njano tupu.

Ceduna

Kabla ya mji kuna kizuizi cha ukaguzi. Ukitoka magharibi huruhusiwi kuingiza matunda wala mboga zinazobeba inzi wa matunda: nyanya, pilipili, hoho, machungwa, embe. Tulijua. Usiku wa kuamkia Ceduna mama watoto alipika kila kitu kilichobaki, kilo mbili za nyanya, pilipili zote na bilinganya, akakaanga na vitunguu mpaka karavani ikanukia Ngamiani. Machungwa tulikula mpaka midomo ikawasha. Mkaguzi alifungua friji, akafungua sufuria, akauliza ni nini.

"Mchuzi," binti akamjibu, na kuanza kumweleza kwa Kiingereza hatua moja baada ya nyingine. Kilichopikwa kinaruhusiwa. Alifunika sufuria polepole kuliko alivyoifunua.

Tumemwaga choo mahali panaporuhusiwa, tumeoga bila kuhesabu lita, tumefua. Tangi la mbele lilikuwa na lita kama 15. Kwa watu wanne lita 140 zilitosha kwa sababu tuliosha vyombo kwa beseni moja na kuoga kwa kitambaa. Anayetaka kuoga kwa bomba kila jioni aongeze maji, apunguze kitu kingine.

Penong tuliyopita kabla ya hapa ina mkusanyiko wa vinu vya upepo vya kuvutia maji, vya kila ukubwa. Shemeji alikaa navyo muda mrefu, akitafuta namna ya kumwelezea mjomba wake wa Handeni.

Port Augusta

Mashamba ya ngano, maghala, Kimba, Iron Knob, kisha bahari tena. Upepo uligeuka ukawa wa mbele na ulaji ukapanda hadi lita 19.6. Wastani wa safari nzima kwa daftari la binti: lita 17.2 kwa kilomita 100.

Tumepitisha karavani mizani. Matangi yote tupu, chakula kimepungua: kilo 1,748, kichwani 166. Beringi za gurudumu la nyuma kushoto zina joto kuliko wenzake kwa kuzigusa kwa mkono. Nitazifungua kabla ya Adelaide. Mpira wa kuzuia vumbi mlangoni umekufa, kila kitu kilicho upande ule kina unga mwekundu, pamoja na unga wa ugali. Kikamatio cha kabati la juu kimevunjika. Betri haikushuka chini ya asilimia 60 hata mara moja, kwa hiyo sola haiguswi.

Hapa Port Augusta ndipo Stuart Highway inapoanzia kwenda Darwin, kama kilomita 2,700. Hesabu ya mwakani ni tofauti kidogo: kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna kama kilomita 250 bila pampu, pengo refu kuliko lolote la Nullarbor, na majira lazima yawe kati ya Mei na Agosti kabla ya joto. Bado lita 150 zinatosha bila dumu. Shemeji anataka jenereta irudi. Nimemwambia alete kitu chenye kilo 21 tukishushe, ndipo tuzungumze. Kwa sasa anapima magodoro.